Milimita 12 Zitoke kwa Nani?

Shingo ya gitaa hupungua upana kadiri inavyopanda. Pale inapoungana na tumbo la gitaa, kwenye freti ya 14, upana wake ni kama milimita 55. Ukifika juu, kwenye kidaraja kidogo cha mfupa ambapo nyuzi zinaingia kichwani, zimebaki 43. Kwa gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 650, kati ya sehemu hizo mbili kuna milimita 360 na ushei. Maana yake, kila ukipanda milimita 30, shingo inapoteza milimita moja, na mpaka unafika juu zimepotea 12. Mteremko wenyewe ni mdogo, kila upande haufiki hata digrii moja, na mpigaji anaweza kutelezesha kiganja hapo miaka ishirini asijue kuwa upo. Fundi hana uhuru huo. Lazima aamue milimita 12 zinatoka wapi.

Shingo ikiwa ya kipande kimoja, swali halipo. Unachora, unakata, unaendelea na mengine. Lakini mimi, kama mafundi wengi siku hizi, naunganisha papi kadhaa za mbao kwa gundi, zikisimama ubavu kwa ubavu urefu wote wa shingo. Sababu ni nyuzi. Seti ya nyuzi za chuma ikishakazwa mpaka kwenye sauti yake huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, na haipumziki mwenye gitaa anapolala. Ubao mmoja mpana, wenye mishipa iliyonyooka bila kasoro, ni wa kutafuta kwa tochi, na ukiupata siku ukiamua kujipinda utajipinda mzima mzima. Papi tano nazigeuza, hii mishipa yake inainamia huku, ile inainamia kule, ili kila moja ikitaka kupinda ikutane na jirani anayetaka kupinda upande mwingine. Kampuni ya Gibson ya Marekani iliacha shingo ya kipande kimoja cha mahogani mwaka 1969 ikahamia kwenye vipande vitatu, na wapenzi wa magitaa hadi leo wanabishana kama ile ilikuwa busara au ubahili. Mimi niko Tanga, kando ya bahari, ambako unyevu wa masika unaingia hata ndani ya kabati la nguo. Sina nafasi ya ubishi huo.

Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star Musical Club walioingiza gitaa la umeme kwenye taarabu, kwa hiyo magitaa mabovu hayajawahi kukosekana. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii: kwa kutengeneza yaliyopinda shingo, kabla ya kuthubutu kuunda yangu.

Kwa kawaida natumia mninga, mbao ambayo ikishakauka hainywei wala haivimbi ovyo, na kati ya vipande vya mninga naingiza papi mbili nyembamba za mpingo. Tuseme vipimo vya upande mpana ni hivi: katikati milimita 15 za mninga, mpingo milimita 4 kila upande wake, na pembeni kabisa mninga tena, milimita 16 na 16. Jumla 55. Sasa panda nazo mpaka juu.

Njia rahisi ni kuranda kila papi iwe na unene uleule mwanzo hadi mwisho, kuzibandika, kisha kukata umbo la shingo. Msumeno unapita pembeni tu. Papi za pembeni zinaanza na 16, zinafika juu na 10. Zimepoteza zaidi ya theluthi. Ya katikati imeanza na 15 na imefika na 15, haina habari kuwa kuna kitu kilipungua. Magitaa mengi yametengenezwa hivyo, mengine ya bei mbaya, na sisemi ni kazi mbovu. Kinachonikera ni maelezo yanayoambatana nayo, kwamba papi zote zimetendewa sawa kwa kuwa zote zimepita kwenye randa moja kwa kipimo kimoja. Ni kweli zimerandwa sawa. Lakini shingo ilipotakiwa kupungua, aliyekuwa pembeni ndiye aliyekatwa.

Haya mambo nilikuwa nayajua kabla sijashika randa.

Nimekulia kwenye kambi ya mkonge. Baba alikuwa fundi wa korona, ile mitambo inayosaga majani ya mkonge na kuacha singa zake. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, hakuna iliyotupita duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika 30,000. Kamba za plastiki zilikuwa zimeshika bandari za watu huko mbali, bei ilianguka, mashamba yakabadilishwa mikono na kuachwa yavamiwe na vichaka. Mtoto wa kambini hakuambiwa lolote kati ya hayo. Yeye aliona mshahara wa baba unachelewa wiki, kisha mwezi, kisha unakuja nusu pamoja na ahadi.

Nyumbani tulikuwa saba: baba, mama, bibi mzaa baba, dada yangu aliyenipita miaka miwili, mimi, mdogo wetu wa kiume, na mtoto wa mjomba aliyeletwa kutoka Handeni kuja kusoma. Hakuna siku kiliitishwa kikao ikaamuliwa nani apunguziwe. Mambo yalijikata yenyewe, na yalianzia pembeni. Mtoto wa mjomba alirudishwa kwao mpaka hali itengemae, haikutengemaa. Bibi akaacha chai ya maziwa, akasema siku hizi haipatani na tumbo lake, na sisi tukaamini kwa sababu ilitufaa kuamini. Kisha dada, akiwa darasa la sita, akaanza kukosa siku mbili tatu kwa wiki kwa ajili ya michango ya shule, halafu akabaki nyumbani moja kwa moja kumsaidia mama. Ada ya shule ya msingi ilikuja kufutwa mwaka 2001. Mwaka huo dada alikuwa na mume na mtoto wa mgongoni.

Mimi sikupungukiwa na kitu. Mtoto wa kiume wa kwanza, ndiye wanayemtegemea kesho. Kila Januari nilipata viatu, na daftari zangu zilifunikwa kwa karatasi ya kaki. Nikiulizwa wakati ule kama kuna shida nyumbani, ningesema tunabana matumizi. Mtu wa katikati huona ufinyu kwa mbali sana.

Ipo njia ya pili, na kwa macho ndiyo nzuri zaidi. Unaziacha papi zote na unene wake, isipokuwa ya katikati. Hiyo unaichonga kabari, nene chini, nyembamba juu, ibebe upungufu wote peke yake. Hapo mistari ya mpingo inafuata kingo za shingo sambamba mpaka kichwani, na mteja akiligeuza gitaa kutazama mgongo wake, anatabasamu kabla hujafungua mdomo. Ila fanya hesabu. Kumi na tano toa kumi na mbili ni tatu.

Milimita tatu zingetosha kama katikati ya shingo kungekuwa na mbao tu. Lakini mle ndani, chini ya ubao wa vidole, kuna nondo nyembamba ya chuma. Fundi wa Gibson aitwaye Thaddeus McHugh aliipatia hataza mwaka 1923, na tangu hapo imekuwa uti wa mgongo wa gitaa la nyuzi za chuma: shingo ikianza kuvutwa mbele, unakaza nati yake nayo inarudi. Mfereji wa nondo hiyo una upana wa milimita sita. Uchimbe kwenye papi ya milimita tatu, utakuwa umeifuta papi yote, umekula mpingo wa kushoto na wa kulia, na umefukua maungio mawili ya gundi mahali hasa ambapo nguvu zote zinakutana. Anayetaka kuipita njia hii salama lazima aanze na katikati nene mno, milimita 24 au zaidi, na hiyo ni shingo nyingine.

Mama alikuwa na umbo lake la kawaida, hakuanza na milimita 24. Baada ya dada kuacha shule, nadhani alisema moyoni kwamba hapungui mtu mwingine. Akawa anakula baada ya wote, na anayekula baada ya wote hakuna anayejua kama amekula. Alichukua kibarua cha kukata majani ya mkonge, kazi ya wanaume wenye mapanga mawili, moja mkononi na moja akiba. Nyumba kwa nje ilionekana nzuri kipindi kile. Hata wageni walisifu. Siku alipoanguka bombani na ndoo kichwani, tulidhani ni utelezi. Mganga wa zahanati akavuta kope lake chini, akasema upungufu wa damu, na akashangaa alikuwa anatembeaje. Wiki alizolala ndipo tulipojua kumbe ratiba nzima ya ile nyumba, nani anadaiwa, nani anatudai, chumvi iko wapi, sare za nani zimelowekwa, ilikuwa ndani yake. Baba alikaa kizingitini na funguo zake za korona, hajui jiko linawashwaje. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba jawabu la shida ni mmoja kujitoa kwa ajili ya wengine, huwa namuuliza huyo mmoja amebeba nini kingine.

Njia ya tatu ni kila papi kuwa kabari. Hakuna inayonyooka, kila moja inapungua kwa uwiano wake, kidogo zaidi ya humusi. Katikati inatoka 15 inafika 11.7. Mpingo unatoka 4 unafika 3.1. Pembeni inatoka 16 inafika 12.5. Jumlisha, utapata 43 hivi. Hakuna iliyobaki kama ilivyokuwa, na hakuna iliyoharibika.

Kwa nini basi kila fundi asifanye hivyo? Kwa sababu ni kazi. Papi iliyonyooka unaipitisha kwenye mashine ya kuranda na kuisahau. Papi ya kabari inahitaji kitanda chake. Changu ni ubao ulionyooka kabisa, wenye kingo mbili za mkongo pande zote mbili, na kingo hizo zimerandwa ziteremke kwa kiasi kilekile ninachotaka papi iteremke. Papi inalala katikati, imezuiwa mbele na kijiti, na randa inatembea juu ya kingo. Mwanzo inang'ata upande mmoja tu, inatoa maranda mafupi. Kadiri unavyoendelea maranda yanarefuka, yanatoka mzima mzima, kisha ghafla randa haitoi tena kitu. Hapo papi imefika, na ukiendelea kusukuma unajichosha bure. Kila unene una kitanda chake, maana mteremko wa papi ya 16 si mteremko wa papi ya 4. Na papi yenyewe ni ndefu kuliko sehemu tuliyoipima. Inapita mpaka kichwani na mpaka kisiginoni, milimita 600 hivi, na mteremko lazima uendelee nayo mpaka ncha zote mbili. Anayehesabu zile 360 tu ataona mistari yake inavunjika njiani.

Papi nene siziandai kwa randa tangu mwanzo, ningemaliza mninga wa watu kwa maranda. Napasua ubao mmoja mshazari kwenye msumeno wa mezani, ukiwa umepigiliwa kwenye ubao mwingine wa kuuongoza ili vidole vyangu vikae mbali, na kutoka kwenye ubao huo zinatoka kabari mbili. Ncha nyembamba ya moja imekatwa kutoka ubavuni mwa ncha nene ya mwenzake. Meno ya msumeno yanakula milimita tatu hivi, hizo hazirudi. Zilizobaki zinatosha mbili.

Kisha kuna kubana, ambako kazi za watu wengi huishia. Papi zilizonyooka ukizipaka gundi na kuzikaza kwa klampu, zinatulia. Kabari hazitulii. Kila ukikaza, zinateleza moja juu ya nyingine kuelekea kule kwembamba, na ukizikimbilia huku zinatoka kule. Wapo mafundi wanaonyunyiza chembe chache za chumvi ya jikoni kwenye gundi ili papi zikamatane, na inafanya kazi. Mimi natoboa matundu kwenye ncha ambazo zitakuja kukatwa na kutupwa, nachomeka vijiti, papi zinakaa pamoja mpaka gundi ikamate. Na kwa kuwa furushi lote limekuwa kabari, midomo ya klampu haipati uso ulionyooka wa kushika. Kwa hiyo makombo ya mbao yaliyokatwa mshazari nayaweka kwa nje, yamegeuzwa kinyume, mpaka pande mbili zinakuwa sambamba tena. Mpingo una mafuta yake ya asili na gundi haiupendi, kwa hiyo naufuta kwa asetoni dakika chache kabla, na kwenye maungio yake natumia epoksi. Mvuke wa asetoni mlango ukiwa umefungwa utakulevya. Vumbi la mpingo nalo linawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa. Hili nalisema kwa wanafunzi wangu kila siku na kila siku kuna anayejifanya kifua chake ni cha chuma.

Udi haukuhitaji kuambiwa haya. Niliwahi kuuona umefunguliwa Unguja, tumbo lake limegeuzwa juu, mbavu kumi na kitu za mbao nyembamba zilizokunjwa kwa moto. Kila ubavu ni mpana katikati na unakonda kuelekea ncha zote mbili, mpaka zinakutana pale shingo inapoanzia, zote zimekonda kwa pamoja. Huwezi kuunda tumbo la udi kwa mbavu zilizonyooka, halitafunga. Waliouunda huko Uarabuni na Uajemi karne nyingi nyuma walilazimishwa na umbo lenyewe kugawa ufinyu kwa kila ubavu. Gitaa lina bahati mbaya kwamba shingo yake inakuruhusu kudanganya.

Na madrasani pia jambo hili nililisikia, ingawa wakati ule nilikuwa nahesabu kokwa za tende bila kujua zitanifuata karakana. Mwalimu alitufundisha mirathi kwa kokwa. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu. Dada wawili wana theluthi mbili. Gawa mali mafungu sita: mume anadai matatu, dada wanadai manne. Saba, na kwenye mkeka ziko sita. Tukacheka, tukidhani mwalimu amekosea. Akatueleza kwamba jambo hilo lilifika mbele ya Sayyidna Umar, naye baada ya kushauriana na masahaba akagawa mali kwa saba. Mume akachukua mafungu yake matatu, dada wakachukua yao manne, ila kila fungu likawa dogo kuliko lilivyokuwa. Wanazuoni wanaiita aul. Ibn Abbas baadaye hakukubali; yeye aliona wapo warithi ambao fungu lao halipunguzwi kamwe, na upungufu uwaangukie wale wengine, ambao katika mfano huu ni wale dada wawili. Masunni walishika hukumu ya Umar, Mashia wakashika rai ya Ibn Abbas, na mimi si mtu wa kuamua kati ya bahari mbili hizo. Nasema tu kwamba utotoni niliona ya Umar iko wazi kiasi kwamba nilishangaa mtu kuipinga. Sasa, nikiwa na nondo mkononi, naelewa mtu anaposema kuna kipande ambacho hakiguswi. Anayesema hivyo huwa anajua kitu kuhusu mzigo. Nikitaka kumbishia, nitambishia juu ya nani amechaguliwa asiguswe.

Kwa maana hata njia ya tatu, ukiifuata kwa macho yaliyofungwa, ina ukatili wake. Mteja mmoja alitaka kando ya kila papi ya mpingo kuwe na mstari mweupe wa nusu milimita, ngozi tu ya mbao. Humusi ya nusu milimita ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiranda mpaka hapo, mbao inachanika mikononi. Uwiano unasema naye atoe kama wenzake. Mikono inasema hana cha kutoa. Zaka yenyewe ina nisabu, na aliye chini yake hadaiwi. Mistari ile niliiacha na unene wake wote mpaka kichwani, na tangu hapo hata mpingo wa milimita nne siupunguzi. Unabaki nne chini, nne juu. Milimita 12 zote zinatoka kwenye mninga, vipande vitatu vinene, kila kimoja kikitoa kama robo: katikati kutoka 15 hadi 11.2, pembeni kutoka 16 hadi 11.9. Wapo mafundi watakaosema mistari isiyokonda kwenye shingo inayokonda inasumbua jicho. Jicho langu hailisumbui.

Bibi na maziwa yake angekuwa mpingo, nadhani. Mtoto wa mjomba pia. Katika ile nyumba waliokuwa na unene wa kutoa walikuwa watatu: baba, aliyekuwa na sigara zake na gazeti la Jumapili na kiti chake klabuni, mimi, niliyekuwa na viatu vya kila Januari, na mama, ambaye angetoa robo akabaki na afya. Nimeikokotoa hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima, na kila mara inatoka. Dada angemaliza darasa la saba.

Yeye huja karakana siku za Jumamosi akitoka soko la Ngamiani, anaweka kapu chini, anakaa kwenye kigoda cha wateja na kunikosoa. Majuzi alikuta papi tano nimezipanga juu ya meza, bado hazijapakwa gundi, vipimo vimeandikwa kwa penseli ncha zote mbili. Akaziangalia moja moja.

"Hii ya katikati nayo umeipunguza?"

"Nimeipunguza, dada."

"Si ndiyo yenye chuma?"

"Chuma kina sita. Zinabaki mbili na nusu na zaidi kila upande. Inatosha."

Akaishika, akaipima kwa macho kama anayenunua samaki, akairudisha mahali pake.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema.

Sikuwa na la kujibu, na hakuwa akingoja jibu. Mwanawe wa mwisho yuko chuo cha ufundi, na sehemu ya ada naitoa mimi. Zamani nilikuwa naiita msaada, mpaka siku aliponisahihisha mbele ya watu kwamba lile ni deni na bado halijafika nusu. Aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akanikumbusha kwamba muhula unafunguliwa mwisho wa mwezi.

"Lakini safari hii usitoe peke yako, mdogo wangu. Mpigie na huyo wa Dar es Salaam, naye ana duka."

Nikasema nitampigia jioni. Akasema nimpigie sasa hivi, yeye akiwa amesimama hapo. Nikafuta gundi kwenye vidole, nikapiga. Mdogo wetu alipokea haraka, akamsalimia dada kwa heshima zote, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutueleza jinsi biashara ilivyokuwa mbaya Kariakoo mwezi huu.

"Mbaya kiasi gani?" dada akamuuliza, akavuta kigoda na kukaa tena. "Taja."